Judith Rodin: alitokaje kwenye maabara ya saikolojia hadi urais wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania?

MsakaElimu aliuliza:

Wakuu, habari za leo. Wakubwa, shikamooni.

Nafuatilia maisha ya kikazi ya Judith Rodin, mwanasaikolojia wa Marekani aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, maarufu kama Penn, kuanzia 1994 hadi 2004. Kila wasifu wake ninaousoma una shimo katikati. Aya moja yuko Chuo Kikuu cha Yale anatafiti ulaji na uzee, aya inayofuata anasimamia hospitali, mabweni na bajeti ya chuo kizima. Alivukaje?

Nataka kujua utafiti wake ulihusu nini hasa, yaani kilichofanyika na kilichopimwa, si majina ya nadharia tu. Pia alipita ngazi zipi, na kila moja kwa muda gani. Halafu kuna hili la mradi wa West Philadelphia, eneo la jiji linalopakana na chuo hicho, ambalo wengi humsifia: mwenye kuufahamu atueleze ulivyoendeshwa, pamoja na palipoharibika. Na mwisho kabisa, je, saikolojia ilimsaidia kweli kuongoza, au hilo ni pambo la waandishi wa wasifu?

Naomba tusiishie kwenye "alikuwa mchapakazi".

Daftari_la_Maabara alijibu:

Nianze na utafiti, maana huo ndio unaorukwa zaidi.

Rodin alizaliwa Philadelphia mwaka 1944. Shahada ya kwanza ya saikolojia aliipata hapohapo Penn mwaka 1966, na ya uzamivu Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1970. Columbia alisoma chini ya Stanley Schachter, mtu aliyewafundisha wanafunzi wake kutengeneza tukio dogo linalofanana na maisha, kisha kuhesabu watu wanafanya nini.

Kazi yake moja ya mwanzo bado inafundishwa. Aliifanya na Bibb Latané, ikachapishwa 1969. Vijana wa kiume, wanafunzi wa Columbia, wanaitwa kujaza dodoso la utafiti wa soko. Dada anayewapokea anawapa fomu, kisha anaingia chumba cha pili kilichotenganishwa kwa pazia la kukunja. Baada ya dakika chache wanamsikia akipanda kiti, kinafuata kishindo, halafu analia kwamba mguu umeumia na hawezi kuusogeza. Sauti yote hiyo ilikuwa kwenye kanda. Kinachopimwa ni kimoja tu: kijana atainuka kusaidia?

Waliokuwa peke yao, 70% walisaidia. Waliokaa na mtu wa watafiti aliyeelekezwa asishtuke, ni 7% tu. Jozi za vijana wasiojuana, katika 40% ya jozi angalau mmoja aliinuka. Jozi za marafiki, 70%. Hapo kwa marafiki usipite haraka. Kama kila mmoja angeamua kama aliye peke yake, jozi ya watu wawili ingetoa msaada mara 91 katika 100, kwa sababu uwezekano wa wote wawili kubaki wamekaa ni 0.3 mara 0.3. Kwa hiyo hata marafiki walikuwa wanazuiana, ila kidogo kuliko wageni. Mtu anamtazama mwenzake, anaona ametulia, anajiambia hakuna neno.

Mwaka 1972 alihamia Yale, na sehemu kubwa ya kazi yake huko ikawa unene na ulaji. Schachter alikuwa na nadharia kwamba watu wanene huongozwa na vishawishi vya nje, yaani harufu, kuona sahani au saa ya chakula, na wembamba huongozwa na njaa ya ndani. Rodin alianza akiifuata. Kisha vipimo vikamkatalia: alikuta watu wa uzito wowote wanaovutwa na vishawishi vya nje, na kwa watu hao insulini ilipanda kwa kuona na kunusa tu nyama inayochomwa. Maana yake ni kwamba "nje" na "ndani" si vitu viwili vilivyotengana. Kishawishi cha nje kinaamsha mwili, na mwili unaleta njaa. Mwaka 1981 aliandika waziwazi makala ya kuchambua nadharia ile ilikosea wapi, nadharia ya mwalimu wake mwenyewe. Mimi namheshimu kwa makala hiyo kuliko kwa vyeo vyote vilivyofuata.

Utafiti wa tatu ndio maarufu kuliko yote, ule wa nyumba ya wazee ya Arden House huko Connecticut, aliofanya na Ellen Langer, ukachapishwa 1976. Washiriki walikuwa 91, kwenye ghorofa mbili. Ghorofa moja ilikuwa na wazee 47: mkurugenzi aliwakusanya akawaambia wana uamuzi juu ya maisha yao pale, wapange samani watakavyo, waseme malalamiko yao. Kila mmoja akaletewa sanduku la miche ya maua, achague kama anautaka mche na upi, na atautunza mwenyewe. Filamu itaonyeshwa siku mbili, achague siku. Ghorofa nyingine ilikuwa na wazee 44: maneno yale yale ya upole, miche ile ile, filamu ile ile, lakini wanaambiwa wauguzi watawafanyia kila kitu. Mche unakabidhiwa, muuguzi anamwagilia. Siku ya filamu wanapangiwa.

Baada ya wiki 3, kwenye kundi la kwanza 93% walionekana kupata nafuu kwa jumla, na kwenye kundi la pili 71% walionekana kudhoofika. Miezi 18 baadaye walirudi kupima tena: waliofariki walikuwa 7 kati ya 47 kundi la kwanza, na 13 kati ya 44 kundi la pili.

Namba hizo za vifo ndizo husambaa mitandaoni, kwa hiyo angalieni. Mwaka 1978 watafiti wenyewe walichapisha sahihisho kwamba hesabu ya takwimu ya tofauti hiyo ilikosewa, na tofauti ni dhaifu kuliko walivyoripoti mwanzo. Kasoro nyingine ni kwamba mgawanyo ulifanywa kwa ghorofa, si kwa mtu mmoja mmoja. Kama ghorofa moja ina muuguzi mchangamfu zaidi, athari yake inaingia humo humo na huwezi kuitenganisha.

Ngazi_kwa_Ngazi alijibu:

Mkuu Daftari umemaliza upande wako vizuri. Mimi nichukue vyeo.

Kwanza tafsiri ya vyeo, maana hapa ndipo wasomaji wetu wengi hupotea. Rais wa chuo kikuu cha Marekani halingani na Mkuu wa Chuo kwa maana ya Tanzania au Kenya, ambacho ni cheo cha heshima na cha kutunuku shahada. Analingana na Makamu Mkuu wa Chuo, mtendaji mkuu. Anayemfuatia, ambaye Wamarekani humwita provosti, anakaribiana na Naibu Makamu Mkuu upande wa taaluma, ila mara nyingi ana mkono mzito zaidi kwenye bajeti. Mwenye kitivo au shule ni amidi. Bodi ya wadhamini ndiyo inayomwajiri rais.

Njia ya Rodin Yale ilikuwa hii: profesa msaidizi 1972, mshiriki 1975, profesa kamili 1979. Hesabu hapo: miaka 7 tu kutoka kuingia hadi uprofesa kamili, na muda wote huo hakuwa na cheo kikubwa cha utawala. Kuanzia 1983 hadi 1993 aliongoza mtandao wa watafiti uliogharimiwa na Wakfu wa MacArthur, wa kuchunguza tabia zinazojenga na zinazobomoa afya. Halafu mkuu wa idara ya saikolojia 1989 hadi 1991, amidi wa shule ya uzamili na uzamivu 1991 hadi 1992, provosti 1992 hadi 1994, rais wa Penn kuanzia Julai 1994.

Shimo analolisema mwuliza swali liko kwenye ule mtandao wa MacArthur. Watu huuona kama utafiti tu. Kuongoza mtandao wa aina hiyo kwa miaka 10 ni kugawa fedha kwa wasomi wa vyuo vingine ambao huna mamlaka ya kuwaamrisha: madaktari, wanasosholojia, wataalamu wa takwimu, kila mmoja na jina lake kubwa. Wanakubali kukaa pamoja kwa sababu swali limewekwa vizuri na mgao unaeleweka. Mkuu wa idara hana shule bora kuliko hiyo.

Jambo la pili ni wakati. Mwanzoni mwa 1992 Yale ilikuwa kwenye mtafaruku. Majengo yamechakaa kwa kukosa matengenezo ya miaka mingi, bajeti ina nakisi, na kamati ilipendekeza kupunguza walimu wa sayansi na sanaa kwa zaidi ya 10%. Walimu wakaja juu. Ndani ya mwaka huo rais Benno Schmidt, provosti Frank Turner na amidi wa Yale College (upande wa shahada ya kwanza) Donald Kagan wote waliachia ngazi. Rodin alikuwa amidi kwa mwaka mmoja tu alipoitwa kuwa provosti, chini ya kaimu rais Howard Lamar. Kwa hiyo alijifunza bajeti ya chuo kizima katika mwaka mbaya kuliko yote, akiwa na jengo linalovuja mkono mmoja na idara iliyokasirika mkono wa pili. Bodi inayotafuta rais inamwona mtu wa aina hiyo haraka.

Cha tatu ni muundo wa Penn. Tangu miaka ya 1970 chuo kile kinaendesha bajeti kwa vitivo kujitegemea: shule ya biashara, ya tiba, ya sheria, kila moja inabaki na karo na ruzuku zake, inalipa gharama zake na inatoa mchango kwa makao makuu. Wako amidi 12. Rais anayetoka chuo chenye mfuko mmoja wa katikati akifika pale akiamuru, atagundua mfuko anaoushika ni mdogo. Kinachobaki ni kugawa lile fungu la makao makuu kwa vigezo, na kupanga mkakati ambao kila amidi anaona jina la shule yake ndani yake. Mwaka 1995 chuo kilipitisha mpango wa miaka mitano ulioorodhesha vipaumbele, na mwaka huo huo akamleta John Fry kuwa makamu mtendaji wa upande wa fedha na uendeshaji, mtu aliyetoka kwenye ushauri wa biashara. Msomi asiyemtafuta mapema mtu wa fedha atatumia miaka 2 ya kwanza kujifunza kusoma vitabu vya hesabu.

Mara nyingi huandikwa kwamba alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza chuo cha kundi la Ivy League, vyuo vinane vya kifahari vya kaskazini mashariki mwa Marekani. Sahihi zaidi ni mwanamke wa kwanza kwa uteuzi wa kudumu. Hanna Gray alikuwa kaimu rais wa Yale 1977 hadi 1978, na Claire Fagin alishika Penn kwa muda mara tu kabla ya Rodin, 1993 hadi 1994.

MsakaElimu:

Asanteni sana. Ile ya miche ya maua sikujua kwamba kulikuwa na sahihisho. Bado nangoja West Philadelphia.

Mtaa_na_Chuo alijibu:

Nimeufuatilia mradi huo kwa sababu vyuo vyetu vingi navyo viko katikati ya mitaa ya watu.

Ili uelewe, anza miaka ya 1950 na 1960. Penn na taasisi jirani walishirikiana na serikali ya jiji katika kile kilichoitwa ufufuaji wa jiji. Mtaa wa watu weusi ulioitwa Black Bottom ulibomolewa, maelfu wakahamishwa. Miaka 30 baadaye wajukuu wa waliohamishwa walikuwa bado wanaishi magharibi ya chuo, na ukitaja Penn uso unabadilika. Rodin mwenyewe alikulia West Philadelphia, lakini hilo peke yake halikumpa imani ya mtu yeyote.

Katikati ya miaka ya 1990 ujambazi ulikuwa juu, nyumba tupu nyingi, maduka yamefungwa. Mwaka 1996 kulitokea mfululizo wa mashambulizi, likiwemo la mtafiti wa chuo kuuawa karibu na nyumbani kwake. Wapo waliotaka chuo kijizungushie ukuta.  Ni kitu kinachoonekana na bei yake inajulikana.

Walichofanya ni kushika mambo matano kwa wakati mmoja: usafi na usalama, nyumba, biashara za mtaani, ununuzi na ajira, na shule ya umma. Sababu ya kuyashika yote pamoja ni ya kimantiki kabisa. Ukiweka taa bila wakazi, taa inamulika nyumba tupu. Ukivuta wakazi bila shule, wanahama mtoto akifika miaka 5. Ukijenga duka bila usalama, linafungwa saa 11 jioni.

Taa: wenye nyumba walichangia gharama na chuo kikachangia, ili kila kibaraza na kijia cha mbele kiwe na taa yake. Zilifungwa kwenye nyumba za watu, si nguzo za chuo. Usafi: mwaka 1997 iliundwa University City District, shirika lisilo la faida linalochangiwa kwa hiari na Penn, Chuo Kikuu jirani cha Drexel na taasisi nyingine, lenye wafagiaji na walinzi wa mguu wasio na silaha wanaotembea mitaani. Si chombo cha Penn peke yake, na hilo lilipunguza ile hisia ya kutawaliwa. Nyumba: chuo kilinunua takriban nyumba 20 zilizotelekezwa, kikakarabati, kikauza, badala ya kuzishika. Wafanyakazi wakapewa nafuu ya mkopo wakinunua nyumba ndani ya eneo.

Ahadi iliyobeba uzito kuliko yote ilikuwa ya mipaka: chuo hakitapanuka tena kwenda magharibi ndani ya makazi ya watu. Kikihitaji ardhi kitaenda mashariki, kwenye maeneo ya reli na posta. Ahadi hiyo inaweza kukaguliwa kwa kutazama ramani, ndiyo maana watu walianza kusikiliza.

Shule: makubaliano kati ya chuo, mamlaka ya shule za jiji na chama cha walimu. Inaitwa kwa kifupi Penn Alexander, kwa heshima ya Sadie Alexander, mwanasheria mweusi aliyesoma Penn. Ilifunguliwa 2001, ikianza na madarasa ya chini na kuongezeka mwaka hadi mwaka. Ni shule ya umma, haina ada, na chuo kiliahidi nyongeza ya hadi dola 1,000 kwa kila mtoto kwa mwaka ili madarasa yabaki madogo.

Sasa palipoharibika. Kwanza ni jumba la sinema la mtaa wa 40. Lilipangwa kama ubia wa Sundance ya Robert Redford na kampuni ya General Cinema. Mwaka 2000 General Cinema ikaomba ulinzi wa kufilisika, ujenzi ukasimama nusu, na kiunzi cha chuma kikabaki kando ya barabara kuu ya mtaa kikiwakumbusha wakazi ahadi za zamani. Jumba lilifunguliwa mwishoni mwa 2002 kwa mwendeshaji mwingine. Kosa lilikuwa kuufanya mradi wa mfano umtegemee mpangaji mmoja ambaye chuo hakina usemi juu ya mizania yake.

Pili ni shule yenyewe. Ilifanikiwa mno. Kwa kuwa nafasi hutegemea anwani, nyumba zilizo ndani ya mstari zilipanda bei, na upande wa pili wa barabara watu wakabaki nje. Wapangaji wa kipato kidogo walianza kusukumwa. Mpango ulikuwa na nguvu ya kuvuta wenye kununua nyumba, lakini breki ya kodi za wapangaji ilikuwa dhaifu. Shule moja nzuri ndani ya eneo lenye shule nyingi zilizochoka itafanya hivyo popote, hata Dar es Salaam au Mombasa.

Takwimu_Kavu alijibu:

Naongeza mawili ambayo wasifu rasmi hauyasemi, halafu nije kwenye swali la saikolojia.

La kwanza ni hospitali. Mfumo wa hospitali za Penn ulipata hasara nzito mwishoni mwa miaka ya 1990. Ulikuwa umepanuka kwa kununua hospitali na kliniki wakati bima na serikali zinabana malipo. Mwaka 2000 Rodin alimwondoa mkuu wa mfumo huo, William Kelley, msomi wa tiba aliyeheshimika sana na aliyekijenga kitivo. Hasara ya hospitali haikai hospitalini. Wakopeshaji hupima chuo kizima, na riba ya mkopo wa bweni inapanda kwa sababu ya wodi. Anayesoma maisha ya rais yeyote wa chuo chenye hospitali aanze na mizania ya hospitali.

La pili ni wafanyakazi. Mwaka 1997 chuo kiliamua kukabidhi usimamizi wa majengo kwa kampuni binafsi. Wafanyakazi wengi walitakiwa kuomba kazi upya kwa mwajiri mpya, na baada ya miaka michache sehemu kubwa ya mkataba ikarudishwa ndani. Na wanafunzi wa uzamivu wanaofundisha walipotaka chama cha wafanyakazi, uongozi ulipinga. Kura ilipigwa Februari 2003, masanduku yakafungiwa wakati rufaa ikiendelea, na hazikuhesabiwa kamwe.

Hapo ndipo ninapokwama na hoja kwamba saikolojia ndiyo iliyoongoza kila kitu. Mtu aliyeonyesha kwamba mzee akipewa mche wake mwenyewe hali yake hubadilika, alikuwa anabishana mbele ya bodi ya serikali ya mahusiano ya kazi ili kura za wanafunzi wake zisihesabiwe. Utafiti na cheo vilivutana, na mara hiyo cheo kilishinda.

Daftari_la_Maabara:

Takwimu, hoja yako ya kura ni nzito na siipingi. Ila usitupe saikolojia yote.

Kuna utafiti wa Richard Schulz ambao lazima usomwe pamoja na ule wa miche. Wazee walitembelewa na wanafunzi. Kundi moja lilipanga lenyewe siku na muda wa kutembelewa, na likanufaika. Matembezi yalipoisha na watafiti wakarudi baadaye, matokeo yalichapishwa 1978: waliokuwa wamenufaika mwanzoni ndio walioshuka zaidi. Kumpa mtu udhibiti kisha kuuondoa huenda ni kubaya kuliko kutompa. Ghorofa ya Arden House ilikuwa tofauti, kwa kuwa mche ulibaki chumbani watafiti walipoondoka.

Weka hilo kando ya mambo aliyoeleza Mtaa_na_Chuo. Taa iliyofungwa kwenye kibaraza chako inabaki kwako rais akiondoka. Nyumba iliyouzwa kwa familia haiwezi kurudishwa na bodi mpya. Shirika linalochangiwa na taasisi nyingi halifi kwa mtu mmoja kustaafu. Mambo ya Rodin yaliyodumu ni yale ambayo udhibiti ulihama mkono kabisa, na yaliyoleta chuki ni yale ambayo watu walishauriwa tu, au hawakushauriwa. Sidai kwamba alikaa na makala mezani akapanga hivyo. Nasema ukizitumia tafiti zake kama kipimo, zinatenganisha vizuri kilichofaulu na kilichokwama.

MsakaElimu:

Hapo nimeelewa kabisa. Swali la mwisho: mhadhiri wa saikolojia wa huku kwetu anayetazama njia hiyo aanzie wapi? Na baada ya Penn, huko Wakfu wa Rockefeller, kuna lililotugusa?

Ngazi_kwa_Ngazi:

La Rockefeller kwa kifupi. Aliuongoza wakfu huo kuanzia 2005 hadi mwanzoni mwa 2017, mwanamke wa kwanza kuushika. Mwaka 2006 wakfu ulishirikiana na ule wa Gates kuanzisha AGRA, shirika la mbegu na kilimo lenye makao Nairobi, kwa fedha za mwanzo dola milioni 150: milioni 100 za Gates na 50 za Rockefeller. Linabishaniwa hadi leo kuhusu mbolea, mbegu za kununua na mkulima mdogo, na mjadala huo unastahili uzi wake.

Kwa mhadhiri wa huku, tofauti kubwa ni uteuzi. Penn bodi ya wadhamini iliunda kamati ya kutafuta yenye walimu na wanafunzi ndani yake, ikachagua. Kwenye vyuo vya umma vya kwetu uteuzi wa Makamu Mkuu hupita serikalini, kwa hiyo usipange maisha yako kwa ajili ya kiti hicho. Panga kwa ajili ya ngazi ambazo wenzako wanaweza kukupa.

Maliza utafiti kwanza. Rodin alikuwa profesa kamili miaka 10 kabla ya kuwa mkuu wa idara. Anayekimbilia utawala akiwa mhadhiri mwandamizi atakaa meza moja na maprofesa wanaojua kwamba wakati wowote wanaweza kumwuliza amechapisha nini. Kisha tafuta mradi wa pamoja wenye fedha za watu wengine, angalau idara tatu, hata ukiwa mdogo. Jifunze kuandika mgao wa fedha kwa ukurasa mmoja: nani anapata kiasi gani, kwa kigezo gani, na lini kinapitiwa upya. Migogoro mingi ya miradi huanzia kwenye hicho cha tatu. Watu hugawana vizuri mwaka wa kwanza, halafu hakuna aliyeandika mwaka wa pili itakuwaje.

Omba kuingia kamati ya bajeti ya ndaki au ya Seneti kabla ya kuwa amidi, si baada. Nenda na taarifa ya hesabu ya miaka mitatu, utazame mistari minne: mishahara kama sehemu ya mapato, madeni ya ada, matengenezo yaliyoahirishwa, na fedha za miradi zenye masharti ambazo haziruhusiwi kulipia umeme. Mstari wa tatu ulichangia kuwaangusha viongozi wa Yale mwaka 1992, na ndio unaofichwa kirahisi zaidi, kwa sababu paa lisilokarabatiwa mwaka huu halionekani kwenye hesabu za mwaka huu.

Mtaa_na_Chuo:

Naongeza moja kwenye hiyo ya paa. Kabla ya kukubali uamidi, omba funguo uzunguke majengo ya kitivo na fundi, siku ya mvua. Dari, vyoo, paneli ya umeme, pampu ya maji, lifti kama ipo. Andika kila kasoro na makadirio ya fundi, upeleke karatasi hiyo kwenye mazungumzo ya uteuzi. Baada ya kusaini, zile kasoro zitakuwa zako.